Jonas Quinn hakumuua Daniel: yanayosemwa Kigoma na yaliyomo kwenye sizoni

Kwa sisi wa Kigoma tuliokulia kwenye sizoni za CD, kabla flashi hazijashika soko, Stargate SG-1, sizoni ya kikosi cha jeshi la Marekani kinachokwenda sayari nyingine kupitia lango la duara, ni ya kubishania mpaka leo. Ubishi mkali kuliko wote hauwahusu maadui, si Apophis wala Anubis. Unamhusu Jonas Quinn, kijana aliyeingia kwenye kikosi mwaka 2002 baada ya Daniel Jackson kuondoka. Wapo watu Mwanga na Ujiji wanaoiruka sizoni nzima ya 6 kwa sababu yake.

Mimi nampenda Jonas. Asiyempenda simlazimishi, kila mtu na ladha yake. Kinachoniuma ni kwamba mengi anayoshutumiwa hayamo kwenye sizoni yenyewe, na mengine ni mambo ya nje ya kamera ambayo yeye hakuyafanya.

Chanzo kimoja cha maneno haya ni jinsi tulivyoipata. CD zilikuja kwa mafungu, nyingine zimekwaruzika, nyingine zina sizoni tatu zilizobanwa mpaka sura hazionekani. Flashi nazo zilipokuja, kijana wa kuingiza muvi anakupa alichonacho. Kisa cha Jonas kinaanzia sehemu ya 21 ya sizoni ya 5, ambayo wengi hawakuipata. Ukiingia moja kwa moja sizoni ya 6 unamkuta mtu usiyemjua anatabasamu kwenye nafasi ya mtu uliyemzoea kwa miaka mitano, na hakuna anayekaa chini kukueleza. Hapo ndipo watu walipojijazia wenyewe.

DHANA: Jonas ndiye aliyemuua Daniel, kisha akachukua nafasi yake.

Hili ndilo nalisikia zaidi, na ndilo baya zaidi. Kilichotokea ni hiki. SG-1 wanafika kwenye sayari yenye mataifa matatu yanayoogopana: Kelowna, Tirania na Andari. Kelowna wanatengeneza kwa siri bomu kubwa kwa kutumia madini yanayoitwa naquadria. Jonas ni mtumishi wa serikali ya Kelowna aliyepewa kazi ya kuwapokea wageni, na yeye ndiye anayemwonyesha Daniel utafiti ule. Jaribio linaharibika, wanasayansi waliomo ndani ya chumba wanaanguka, na bomu linakaribia kulipuka. Daniel anavunja kioo, anaingia, anakizima kile kitu. Anaokoa mji mzima, na anapata mionzi ambayo hakuna dawa ya kuiondoa.

Jonas alikuwepo. Alisimama. Hofu ilimshika na hakuingia. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na yeye mwenyewe hajawahi kulikana.

Waliofanya uovu ni viongozi wa Kelowna. Walijua fika kwamba Daniel aliwaokoa, lakini ili kuficha siri ya bomu wakamgeuzia kibao wakasema alikuwa anahujumu kazi yao. Jonas alijua ukweli, na mwanzoni akanyamaza mbele ya wakubwa wake. Kisha akachukua sehemu ya naquadria, akavuka lango, akaileta duniani na kusimama upande wa Daniel. Kwa kufanya hivyo akawa msaliti kwao. Nyumba, kazi, nchi, vyote akaviacha siku moja.

Tena, kwa anayeijua sizoni vizuri, Daniel hakufa kama watu wa kawaida wanavyokufa. Jacob Carter, baba wa Samantha Carter wa kikosini, alikuwa anajaribu kumponya, na Daniel mwenyewe ndiye aliyemwomba Kanali O'Neill, kiongozi wa SG-1, amwambie aache. Alichagua kupaa, kwa msaada wa Oma Desala, aliyekwisha kupaa kabla yake, akawa kiumbe cha nuru.

Sasa nawauliza wanaomchukia Jonas kwa jambo hili: mbona Teal'c, mwenzake Daniel kikosini, mlimsamehe? Kwenye sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 1997, Teal'c ndiye mkuu wa askari wa Apophis, na ana mkono katika kuchaguliwa kwa Sha're, mke wa Daniel, awe mwili wa kuingiziwa Goa'uld, kimelea mfano wa nyoka anayemtawala mtu na kujifanya mungu. Sizoni ya 3, Teal'c huyo huyo anamuua Sha're ili kumwokoa Daniel. Leo Teal'c ni kipenzi cha kila kibanda, na anastahili, kwa sababu alitubu kwa matendo. Jonas, ambaye kosa lake ni kusimama kwa hofu sekunde chache na kunyamaza siku chache, hapewi hata nusu ya huruma hiyo. Nadhani ni kwa sababu Teal'c alikuwepo tangu siku ya kwanza. Aliyetangulia anasamehewa, aliyechelewa anahesabiwa.

DHANA: Michael Shanks alifukuzwa ili kumpisha Corin Nemec.

Shanks, aliyeigiza Daniel, aliondoka kwa uamuzi wake. Alieleza waziwazi kwamba aliona nafasi ya Daniel inazidi kupungua kwenye hadithi. Nemec aliajiriwa kwa sababu kiti kilikuwa kinabaki wazi. Kumlaumu yeye ni sawa na kumlaumu mwalimu mpya kwa sababu mwalimu wa zamani amehama kituo.

Na Shanks hakupotea kabisa. Ndani ya sizoni ya 6 anaonekana mara tatu, kwenye sehemu ya 6, ya 19 na ya 22, na sauti ya Thor, yule kiumbe mdogo wa kijivu wa kutoka sayari nyingine, ni yake. Mashabiki wa huko nje waliendesha kampeni kubwa ya kutaka Daniel arudishwe, na mwaka 2003, sizoni ya 7 ilipoanza, akarudi kweli.

DHANA: Mhusika aliyezoeleka habadilishwi. Akibadilishwa, kazi imeharibika.

Anayesema hivi asisahau Daniel alitoka wapi. SG-1 ilizaliwa kutokana na filamu ya mwaka 1994, na kwenye filamu ile Daniel aliigizwa na James Spader. Kanali aliigizwa na Kurt Russell. Brad Wright na Jonathan Glassner walipoanzisha sizoni mwaka 1997, Shanks aliingia mahali pa Spader, na Richard Dean Anderson, ambaye wakubwa zetu walimjua kwa MacGyver, akaingia mahali pa Russell. Kwa hiyo wawili tunaowaona kama roho ya kikosi walikuja kurithi viti vya watu. Hata jina la kanali liliongezwa herufi moja, na ndani ya sizoni O'Neill anasisitiza kwamba la kwake lina "l" mbili.

Tofauti ni kwamba wao walirithi kutoka kwenye filamu ya saa mbili, na Jonas alirithi kutoka kwa mtu tuliyekaa naye miaka mitano. Hapo nawaelewa wanaolalamika. Sisi tumelelewa na imani kwamba stelingi hafi, na aliye karibu na stelingi naye hafi. Daniel alipoondoka, watu walipata msiba hasa, na katikati ya msiba akaingia mtu mwenye furaha usoni. Ila uchungu wa msiba haumfanyi mgeni kuwa muuaji.

DHANA: Jonas ni Daniel wa bei rahisi.

Wote wawili wanasoma sana, na wote ni raia kati ya wanajeshi. Mfanano unaishia karibu hapo.

Daniel ni mtaalamu wa mambo ya kale na lugha, aliyedharauliwa na wasomi wenzake hadi lango likamthibitisha. Anapofika mahali anabishana: na O'Neill, na majenerali, hata na miungu wa uongo. Ndiye dhamiri ya kikosi, na dhamiri husumbua. Jonas habishani hivyo. Yeye anasoma kitu mara moja na kinabaki kichwani, anajifunza upesi kuliko yeyote, na anaishangaa dunia yetu kama mtu aliyeipata bila kutarajia. Anapenda ndizi. Anakaa mbele ya televisheni kutazama chaneli ya hali ya hewa kwa raha zake. Watu hucheka, lakini mimi naona ndipo waandishi walipompatia: anaipenda dunia kwa vitu ambavyo sisi hatuvioni tena.

Sehemu ya 7 ya sizoni ya 6 ndiyo ningemwekea mtu yeyote mwenye shaka. Kelowna wanarudi kutaka silaha ili nao watoe naquadria, na Jonas anakutana tena na mwalimu wake wa zamani, Dokta Kieran, aliyeigizwa na Dean Stockwell. Mzee anamweleza kwamba kuna harakati za chinichini zinazotaka kuipindua serikali, na Jonas anamwamini kwa sababu anataka kumwamini. Mwishoni inabainika harakati hizo hazipo. Naquadria imemharibu mzee akili, anaona watu wasiokuwepo. Jonas anamwangalia mtu aliyemfundisha kila kitu, na anatambua kwamba angebaki kwao, huenda na yeye angeishia hivyo. Hicho ni kisa ambacho Daniel asingeweza kukibeba, kwa sababu si nchi yake wala mwalimu wake.

Nakubali jambo moja bila kuzunguka. Waandishi hawakumpa Jonas visa vya namna hiyo vya kutosha. Sehemu nyingi za sizoni ile anabaki kueleza mitambo na kusoma maandishi, na kuhusu familia yake hatuambiwi karibu chochote. Anayelalamika hivyo ana haki, na lawama ziende kwa walioshika kalamu.

DHANA: Alipewa nafasi bure, kikosi kikamkumbatia.

Tazama sehemu ya 1 na ya 2 za sizoni ya 6. O'Neill hamtaki. Anawajaribu watu wengine, anakataa, anarudi, anakataa tena. Hasira yake kwa Jonas ndiyo hasira ya watazamaji wenyewe, na nadhani waandishi waliiweka kinywani mwake makusudi. Teal'c na Carter nao wanamwangalia kwa mbali. Wakati huo Anubis anaishambulia dunia kupitia lango, linajaa nguvu mpaka linakaribia kulipuka, na O'Neill mwenyewe analibeba kwa ndege ya X-302 kulitupa mbali. Katika pilikapilika zile Jonas anafanya kazi bega kwa bega na Carter, na Warusi nao wanashinikiza ofisa wao aingizwe SG-1. Ndipo O'Neill anasema Jonas ndiye wa nne. Hakuna kukumbatiana hapo. Heshima anaipata baadaye, safari moja baada ya nyingine.

Jambo hili watu wa mkoa wetu tungepaswa kuliona upesi kuliko wengine. Jonas ni mkimbizi. Ameondoka kwao bila kuaga na hawezi kurudi, na anakaa kambini, chini ya mlima, ndani ya jengo la jeshi, akisubiri watu waamue kama anafaa. Kigoma kuna kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996. Tumesoma darasa moja na watoto waliovuka ziwa. Tunajua kutabasamu kwa mtu aliyepoteza kila kitu si dalili kwamba hakuna kinachomuuma.

DHANA: Sizoni ya 6 iliiua SG-1.

Sizoni ya 6 ndiyo iliyohamia Sci Fi Channel baada ya Showtime kuiacha. Baada ya hapo zikaja nyingine nne, ikamalizika mwaka 2007 ikiwa na sizoni 10 na sehemu 214. Stargate Atlantis ilianza mwaka 2004. Kitu kilichokufa hakizai.

DHANA: Jonas aliuawa Daniel aliporudi.

Kosa hili naona linatokana na kuruka. Sizoni ya 7 inafungua kwa Daniel kurudi bila kumbukumbu, na yeye na Jonas wanafanya kazi pamoja, wanaingia wawili kwenye meli ya Anubis. Jonas anakamatwa, Anubis anampekua akili, anagundua habari za naquadria na kwenda kuivamia Kelowna. Inapokwisha, Jonas anabaki kwao. Nchi iliyomwita msaliti inamhitaji, naye anakubali kukaa. Kwa macho yangu hiyo ni aga nzuri kuliko wanayopewa wengi wanaoingia kwenye kazi za watu katikati.

Na hakuishia hapo. Sehemu ya 14 ya sizoni ile anarudi kuomba msaada, kwa sababu naquadria iliyo chini ya ardhi ya sayari yao inatishia kulipuka yote, huku viongozi wa mataifa matatu wakigombana nani ahamishwe kwanza. Hadithi ya sehemu hiyo Corin Nemec alishiriki kuiandika. Inapomalizika Jonas yu hai, na sayari yake bado ipo.