Iambi ni nini, na mbona shairi la Kiswahili hupimwa kwa mizani?

Iambi ni jozi ya silabi mbili: ya kwanza hafifu, ya pili yenye mkazo. Mshororo wa jozi 5, yaani silabi 10, ndio aliopenda kuutumia Shakespeare katika tamthilia zake. Mwanafunzi wa Nairobi anayesoma mashairi ya Kiingereza asubuhi na ya Kiswahili mchana huchanganya iambi na mizani kwa urahisi. Iambi hupima mkazo unaangukia wapi. Mizani ni hesabu ya silabi, ziwe na mkazo au zisiwe nao.

Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: PI-ka, pi-KI-a, pi-ki-A-na. Hata hivyo iambi inawezekana:

Wa-TO-to WE-tu WO-te WA-ko SHU-le

Jozi 5 zimetimia, lakini "le" imebaki nje. Iambi hutaka kufunga kwa mkazo, na maneno yetu karibu yote hufunga kwa silabi hafifu. Ukilazimisha, utaishia kupanga maneno kwa namna isiyosemeka.

Shairi la kimapokeo hupata mdundo wake kwingine: idadi, kituo cha katikati na vina. Mshororo wa tarbia (shairi la mishororo minne kwa kila ubeti) kwa kawaida una mizani 16, 8 kwenye ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 kwenye utao, nusu ya pili:

Mawingu yatanda Ngara, magari hayasogei
Abiria wamefura, nauli haipungui

Hesabu: ma-wi-ngu-ya-ta-nda-nga-ra, 8. Kina cha kati ni "ra", cha mwisho "i". Ungeandika "yametanda", ukwapi ungekuwa na mizani 9, na msomaji angejikwaa hapo hapo hata kama hajui kuhesabu. Ndiyo sababu "yatanda". (Utenzi ni mwepesi zaidi: mizani 8 kwa mshororo mzima.)

Wengi hukosea kwenye m na n. "Mtu" ni m-tu, mizani 2, na "nchi" ni n-chi, 2 pia. Lakini "ndege" ni nde-ge, wala si n-de-ge. Mtego mkubwa ni "mbaya": katika "mtu mbaya" ni m-ba-ya, mizani 3, katika "nyumba mbaya" ni mba-ya, 2. Irabu zinazofuatana nazo huhesabiwa kila moja: "kaa" ni 2, "Nairobi" ni 4.

Mizani ikizidi, mshairi ana inkisari, yaani kufupisha neno: "nimekuja" huwa "'mekuja". Ikipungua, ana mazda, yaani kurefusha neno: "enda" huwa "enenda". Zitumie kwa kiasi. Ubeti wenye inkisari kila mshororo huonyesha mwandishi aliyechagua maneno kwanza akahesabu baadaye, na dawa yake ni kuuvunja mshororo na kuuanza upya kwa neno jingine.