Kupiga picha kwa kamera ya boksi chini ya jua la Nairobi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliniletea Kodak Brownie No. 2 ya marehemu babu yake, imefungwa ndani ya leso. "Mzee, hii bado inapiga?" Nilibonyeza shata, kile kifuniko kinachofunguka kupitisha mwanga, ikalia vizuri. Nikaipangusa lenzi, nikamwambia ikipata filamu itapiga kesho asubuhi.

Kamera za boksi hazina mengi ya kuharibika. Ni sanduku lenye kipande kimoja cha kioo kilichopinda mbele, shata yenye mwendo mmoja na nafasi ya filamu nyuma. Brownie ya kwanza iliuzwa Marekani mwaka 1900 kwa dola moja. Mwaka uliofuata No. 2 ikaja na filamu namba 120, na hiyo ingali inatengenezwa hadi leo! Roli moja inatoa picha 8 za sentimita 6 kwa 9.

Tazama kwanza kama yako inataka 120 au 620. Filamu ni ileile, ila spuli ya 620, kile kijiti inachozungushiwa, ni nyembamba, na Kodak waliacha kuiuza mwaka 1995. Ukiwa na spuli mbili za 620, hamisha filamu ya 120 gizani kabisa: izungushe kwenye ya kwanza, kisha irudishe kwenye ya pili ili mwanzo wake ukae nje. Ukiipeleka kusafishwa, dai spuli yako.

Sasa jua, kwa maana hapa ndipo picha nyingi hupotelea. Shata hufunguka kwa takriban 1/40 ya sekunde, na kitundu cha lenzi ni karibu f/14, yaani kidogo. Huwezi kubadilisha mengi, basi chagua filamu kulingana na anga. Januari, jua likiwaka, natia filamu ya ASA 100 au 125 (namba ikipanda, filamu inahitaji mwanga mdogo zaidi). Julai, Nairobi inapojifunika mawingu wiki nzima, natia ASA 400. Zote mbili zitapata mwanga zaidi kidogo kuliko zinavyohitaji kwa hesabu, na filamu nyeusi na nyeupe huvumilia ziada kuliko upungufu. Ndani ya nyumba usijaribu, labda uiweke mezani na shata iwe na nafasi ya kubaki wazi.

Saa sita mchana jua letu hukaa utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Mimi hupiga saa mbili hadi saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni au begani kwangu. Simama hatua nne au tano kutoka kwa unayempiga. Ukikaribia chini ya mita tatu uso hufifia. Bana kamera tumboni, toa pumzi, ndipo usogeze kishikizo cha shata polepole.

Lile dirisha dogo jekundu la nyuma liheshimu. Zamani filamu nyingi hazikuiona rangi nyekundu, kwa hiyo lilikuwa salama. Filamu za leo zinaiona. Libandike utepe mweusi, ulifungue kivulini tu unaposogeza filamu hadi namba inayofuata, kisha ulifunike. Na usogeze mara tu baada ya kupiga, kwani hakuna kinachokuzuia kupiga mara mbili mahali pamoja.

Hilo la mwisho kijana alilisahau. Jumamosi tulipotundika filamu yake ikauke, fremu ya tano ilikuwa na bustani ya Jeevanjee na kaka yake, mmoja ndani ya mwingine. Ya saba ni nyanya yake mlangoni, mikunjo yote ya kitenge inaonekana. Negativu ya ukubwa huo haihitaji mashine ya kukuza: tuliilaza juu ya karatasi ya picha, tukaikandamiza kwa kioo, tukawasha taa sekunde chache. Picha ameibeba kwenye bahasha kumpelekea nyanya.