Upepo wa Tairi la Ndege Haupunguzwi kwa Sababu ya Jua Kali

Imeaminika kwa muda mrefu kwamba siku ya joto kali matairi ya ndege hukaribia kupasuka, na kwamba fundi mwangalifu huyapunguzia upepo kabla ya safari. Imani hiyo si sahihi, na kuifuata ni hatari.

Ni kweli kwamba shinikizo hupanda kwa takriban asilimia 1 kwa kila nyuzijoto 3 zinazoongezeka, lakini matairi hayo, ambayo hujazwa naitrojeni kwa kuwa haisaidii moto kuwaka, yameundwa kustahimili ongezeko hilo. Breki zikipata moto kupita kiasi, vizibo maalumu vya rimu huyeyuka na kuitoa gesi kabla tairi halijapasuka. Kinachopaswa kuogopwa zaidi ni upepo pungufu, kwa sababu kuta za tairi hujikunja mno kila linapozunguka, na mkunjo huo huzalisha joto ndani ya tairi lenyewe hadi tabaka zake zikaachana.

Tarehe 11 Julai 1991, ndege ya DC-8 iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji Nigeria iliondoka Jeddah ikiwa na matairi ya namna hiyo. Yalishindwa ikiwa bado inakimbia ili iruke, moto ukazuka, na watu wote 261 wakafariki. Kinachouma ni kwamba upungufu huo ulikuwa umejulikana kwa mafundi kabla ya safari.

Kwa hiyo shinikizo hupimwa tairi likiwa limepoa, angalau saa 2 hadi 3 baada ya kutua. Kipimo cha tairi la moto kikizidi kiwango, upepo haupunguzwi.