Tambi bapa za mchele kwa nyama ya ng'ombe: kuzikaanga kavu kwenye jiko la nyumbani

Wakantoni, watu wa kusini mwa China, huita chakula hiki gon chaau ngau ho, na jina lenyewe limebeba maelekezo ya upishi: gon ni kavu, chaau ni kukaanga kwa kugeuzageuza, ngau ni ng'ombe, na ho ni ufupisho wa jina la tambi za Sa Ho, au Shahe kwa Kichina sanifu, mahali ambapo leo ni sehemu ya wilaya ya Tianhe katika jiji la Guangzhou. Neno la kwanza ndilo ambalo wapishi wa nyumbani hulipita haraka wakakimbilia kuuliza ni sosi gani itumike. Kwa miaka niliyopika na kufundisha chakula hiki, sahani nyingi nilizoziona zimeharibika ziliharibiwa na maji, mara chache sana na viungo.

Sahani yangu ya kwanza ilikuwa miongoni mwa hizo. Nilikuwa mwanagenzi katika jiko la mgahawa mmoja wa Kikantoni, na mkuu wa jiko, badala ya kuonja, aliiinamisha sahani taratibu akatazama ni kitu gani kingeteremka ukingoni. Kiliteremka kijito cha rangi ya kahawia, nusu maji na nusu mafuta, kikibeba vipande vya tambi vilivyokatika vifupi kama wali. Akairudisha mezani na kuniambia kwamba supu hupikwa jiko la pili. Baadaye nilielewa kwamba wapishi wa Kikantoni hukitumia chakula hiki kupima mkono wa mpishi: tambi zisikatike, kila moja ishike rangi sawasawa, na chini ya sahani pabaki mng'ao tu wa mafuta.

Kikwazo cha nyumbani ni moto. Jiko la gesi la mgahawa linaweza kutoa zaidi ya kilowati 30, ilhali kichomeo cha kawaida cha nyumbani hutoa kati ya 2 na 5. Kwenye moto ule mkubwa, maji yanayotoka katika nyama na mboga hugeuka mvuke papo hapo, na matone ya mafuta yanayorushwa juu hushika moto kidogo yakaacha harufu ile ambayo Wakantoni huiita wok hei, pumzi ya karai. Kwenye moto wetu mdogo, maji yaleyale hubaki karaini, joto huishia kuyachemsha, na tambi hujikuta zinatokota. Kwa kuwa hatuwezi kuuongeza moto, hatuna budi kuyapunguza maji, na karibu kila jambo ninalolieleza hapa chini limetokana na hilo.

Karai liwe la chuma, jembamba. Kikaangio chenye utando wa kuzuia kugandisha hakifai, kwa sababu utando ule huanza kuharibika joto likipita kiasi cha nyuzi 260 za Selsiasi, nasi tunataka karai litoe moshi kabla ya kutia chochote. Wenye jiko la mkaa wasijione wanyonge: karai la mviringo likikaa karibu kabisa na makaa yaliyowaka vizuri na kupepewa, kwa uzoefu wangu hushika moto kuliko likiwekwa juu ya kichomeo cha gesi, mradi upikie nje ambako hewa inapita.

Kwa watu wawili natumia gramu 200 za sarara au steki isiyo na mafuta mengi. Itie kwenye friza nusu saa ili ikaze, kisha uikate vipande vya unene wa milimita 3 hivi, kisu kikivuka nyuzi za nyama na si kuzifuata, kwa maana uzi mrefu ndio unaomchosha mlaji. Changanya na robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea, kijiko kimoja cha chai cha sosi ya soya nyepesi, kimoja cha wanga wa mahindi, kijiko kimoja cha chakula cha maji na kimoja cha chai cha mafuta, uache dakika 30. Soda hupunguza uchachu kwenye uso wa nyama, hivyo protini hazikazani sana zinapopata moto. Wanga nao huyashika yale maji kidogo yasitoke. Anayetia magadi kwenye maharage atauona ujamaa uliopo, lakini nasihi magadi ya mawe yasitumike hapa: ni makali kuliko soda ya kuokea, na yakizidi kidogo tu nyama huteleza mdomoni na kuacha ladha ya sabuni.

Tambi ndizo zinazohitaji subira. Zilizo bora ni mbichi, zilizopikwa kwa mvuke siku hiyohiyo na ambazo hazijaingia friji, kwa sababu ubaridi huufanya wanga wa mchele ujipange upya na kukakamaa, na tambi iliyokakamaa hukatika kama chaki. Ikiwa zimekwisha kukakamaa, zipitishe kwenye mvuke dakika 2 au 3, kisha uziachanishe moja moja kwa vidole vilivyopakwa mafuta, na usizisuuze. Kazi hii inachosha, lakini bonge ambalo halikuachanishwa mezani halitaachana karaini. Anayepata tambi kavu za pakiti peke yake azichague pana, aziloweke katika maji ya uvuguvugu hadi zipindike bila kuvunjika huku kiini kikiwa bado kigumu kidogo, kisha azitandaze juu ya kitambaa safi kwa muda usiopungua nusu saa. Hapo ndipo wengi huvunja amri, wakazitoa majini na kuzitupa karaini zikiwa zinachuruzika.

Unaweza pia kuzitengeneza mwenyewe. Koroga gramu 150 za unga wa mchele laini, gramu 50 za wanga wa mahindi au wa muhogo, mililita 400 za maji, chumvi kidogo na kijiko cha mafuta. Uache upumzike nusu saa, kisha umimine tabaka jembamba kwenye sinia bapa lililopakwa mafuta, na ulipike kwa mvuke mkali dakika 3 hadi 4, mpaka malengelenge yajitokeze. Unga wa vitumbua mara nyingi una chenga, uchekeche kwanza. Kila utando ukipoa, ukunje na kuukata upana wa sentimita 2.

Mchanganyiko wa sosi ni mdogo kwa makusudi: kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya nyepesi kwa ajili ya chumvi, viwili vya chai vya ile nyeusi nzito kwa ajili ya rangi, na nusu kijiko cha chai cha sukari. Sosi ya chaza siitii. Ni nzito, huungua haraka na kuzifanya tambi zigandamane. Mboga ni machipukizi ya choroko gramu 100, yaliyokaushwa kwa kitambaa baada ya kuoshwa, nusu kitunguu maji na miche miwili ya vitunguu majani.

Sasa gawa kila kitu mafungu mawili, kwa maana gramu 400 za tambi kwa mpigo mmoja zitauzima moto wako. Karai litoe moshi. Mimina mafuta, zungusha, tandaza nyama na usiiguse kwa sekunde 30, igeuze, kisha uitoe ikiwa bado na wekundu kidogo. Pangusa karai, lipashe tena hadi lifuke moshi, ongeza mafuta, tia kitunguu na machipukizi kwa sekunde 20, nayo uyatoe. Kisha tambi peke yake: zitandaze, ziache zishike madoa ya kahawia, uzigeuze kwa kuzibeba kutoka chini, kwa vijiti ukivizoea, kwani mwiko huzikatakata. Sosi ipitishe kwenye ukingo wa karai, si katikati, ili ichemke na kukauka kabla haijazifikia tambi. Rudisha nyama na mboga, tupia vitunguu majani, geuza mara nne au tano, pakua.

Kupika kwa mafungu kuna usumbufu wake kwetu sisi tuliozoea kukaa pamoja kuzunguka sinia moja, kwa sababu fungu la kwanza likisubiri la pili hulowa kwa mvuke wake lenyewe. Kwangu mgeni hupewa sahani ya kwanza na kusihiwa asimsubiri mtu. Mpishi hula mwisho, wakati karai limekwisha kushika moto barabara, na sahani hiyo mara nyingi ndiyo nzuri kuliko zote.