Eko ya mwaka jana haijibu maumivu ya leo: maswali na majibu kuhusu picha za moyo

Picha za moyo zisizohitaji mrija kuingizwa mwilini ni zipi?

Inayotumika zaidi ni eko, ambayo huutazama moyo kwa mawimbi ya sauti kama yale yanayotumika kumtazama mtoto tumboni; haina mionzi, haiumi, na kwa kawaida humalizika ndani ya saa moja. Kuna pia CT ya mishipa ya moyo (inayotumia eksirei), MRI ya moyo (inayotumia sumaku yenye nguvu), na picha za nyuklia zinazoonesha jinsi damu inavyoufikia msuli wa moyo. ECG, ile karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka, si picha. Husoma umeme wa moyo. Wagonjwa wengi huviita vyote "kupimwa moyo", na hapo ndipo matatizo huanzia.

Eko yangu ya mwaka jana ilikuwa nzuri. Je, maumivu haya ya kifua si gesi tu?

Hapana, usihitimishe hivyo. Eko huonesha valvu, unene wa kuta na nguvu ya moyo kusukuma damu, lakini haioneshi vizuri ndani ya mishipa myembamba inayoulisha moyo wenyewe, na humo ndimo mafuta hujikusanya na damu huganda. Mtu mwenye mshipa uliozibwa kwa robo tatu anaweza kupimwa eko akiwa amelala ametulia, majibu yakatoka safi, kwa sababu moyo uliopumzika hauhitaji damu nyingi. Zaidi ya hayo, hata utando mdogo wa mafuta, usiomsumbua mtu jana, unaweza kupasuka leo, damu ikaganda juu yake na kuuziba mshipa kwa dakika chache. Bahasha ya ripoti ya zamani, ambayo wengi hututolea hospitalini kwa kujiamini, inaeleza moyo ulivyokuwa siku ile tu.

Lakini hata ECG yangu ilikuwa sawa.

Hapana, hiyo nayo haitoshi. ECG ya kwanza inaweza kuonekana ya kawaida kwa mtu ambaye tayari yumo katika mshtuko wa moyo, ndiyo maana hospitalini hurudiwa, na damu hupimwa troponini, protini inayovuja kutoka msuli wa moyo ulioumia, mara nyingi zaidi ya mara moja.

Nimepangiwa CT baada ya wiki mbili na maumivu yamerudi. Nisubiri?

Usisubiri. Miadi ya picha ni ya mtu ambaye hali yake imetulia. Kifua kikibana kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakielekea mkononi, tayani au mgongoni, ukitokwa jasho jembamba au pumzi ikikatika, nenda idara ya dharura mara moja. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, dalili inaweza kuwa uchovu usio wa kawaida au kukosa pumzi, pasipo maumivu makali. Msuli wa moyo ulionyimwa damu kabisa huanza kufa ndani ya takriban nusu saa, ilhali bado tunapokea watu siku ya tatu, wamekwisha kumeza dawa za vidonda vya tumbo za jirani. Eko ya siku hiyo hupima zaidi hasara iliyokwisha kutokea.

Ninapokwenda kupigwa picha, niseme nini?

Kwa CT, taja ugonjwa wa figo, mzio wa dawa ya kuonesha mishipa, na ujauzito. Kwa MRI, taja chuma au kifaa chochote kilichomo mwilini. Baadhi ya picha za nyuklia zinahitaji uache chai na kahawa tangu siku iliyotangulia, na kikombe kimoja cha asubuhi kinatosha kukurudisha nyumbani bila kipimo.

Eko ya pili inaonesha moyo umepata nguvu. Naweza kuacha dawa?

Hapana, tafadhali. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo wenye afya husukuma nje takriban asilimia 55 hadi 70 ya damu iliyomo kila unapopiga, na tarakimu hiyo ikipanda baada ya matibabu, mara nyingi ni dawa zinazoishikilia. Utafiti wa TRED-HF nchini Uingereza uliwachukua watu ambao misuli ya moyo yao iliyokuwa imetanuka na kudhoofika ilikuwa imepata nafuu. Waliopunguziwa na kuachishwa dawa, tena chini ya uangalizi wa karibu, asilimia 44 walirudi nyuma ndani ya miezi 6. Anayeacha kimyakimya nyumbani hana hata uangalizi huo.

Na maumivu yakija usiku wa kuamkia kipimo?

Nenda usiku huohuo. Usiendeshe gari mwenyewe, na usipoteze muda kutafuta ripoti za zamani kabatini. Kipimo kitapangwa upya.