Mtu mwenye haki ni mtu wa namna gani?

Kaa kidogo kwenye stendi ya matatu katikati ya Nairobi, utalisikia neno haki kabla gari halijajaa. "Haki konda, niko na hamsini tu." "Haki ya Mungu sikuchukua." Tunalitumia kuomba, kuapa na kulalamika. Jumapili tunalikuta tena kinywani mwa Yesu: "Heri wenye njaa na kiu ya haki" (Mathayo 5:6). Wengi wetu hudhani ni maneno mawili tofauti yanayofanana kwa bahati tu. Mimi nasema ni moja.

Lilitujia kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya ukweli na ya kile ambacho mtu anastahili kupata. Waliotafsiri Biblia wakalitumia kwa tsedaka ya Kiebrania na dikaiosune ya Kigiriki. Waingereza wana neno moja la unyofu mbele za Mungu na jingine la mambo ya mahakamani. Sisi tumebaki na hili moja, na nafikiri ni baraka, kwa sababu hatuna pa kujificha: anayesema ana haki mbele za Mungu huku amekalia haki ya jirani, lugha yenyewe inamshtaki.

Mwanzo wa haki hii ni zawadi. Abramu alimwamini Bwana, naye akamhesabia jambo hilo kuwa haki (Mwanzo 15:6). Hapo bado hajatahiriwa, na Sheria ya Musa haipo. Paulo anaishikilia hoja hiyo katika Warumi 4. Angalia kitenzi chenyewe, kuhesabia: ni lugha ya daftari la dukani, mwenye duka anapoandika kwenye ukurasa wako kitu ambacho hukukilipia. Kwa hiyo kuishi kwa haki si kupanda ngazi mpaka Mungu akuone. Umeshaonwa. Kinachobaki ni kuishi kama mtu aliyeandikiwa hivyo.

Na ukitaka kujua anaishije, nenda sokoni. Tazama gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi na maharagwe. Ligeuze. Mengine kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, kidogo tu, jicho la haraka halioni. Kila kipimo kinapungua konzi moja, na anayepunjwa ni mama aliyekuja na pesa za kipimo kimoja. Mambo ya Walawi 19:35-36 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki, kisha Mungu anaongeza kwamba yeye ndiye aliyewatoa Misri. Kitako cha kopo kinatajwa pamoja na wokovu!

Lakini haki si sawa na utakatifu wala wema. Utakatifu ni kutengwa kwa ajili ya Mungu. Wema huzidi deni: unampa mtu ambacho hukuwa na lazima ya kumpa. Haki inatangulia wema, maana inamrudishia mtu kilicho chake. Ndiyo maana huniumiza kuona mtu akitoa sadaka nono wakati vibarua wake wa mjengo wanaambiwa "kuja kesho" wiki nzima. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutumainia ujira huo. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiwa unapiga kelele.

Wazee wa uamsho wa kiroho wa makanisani, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya, walilielewa hili. Kwao kuokoka kulikwenda pamoja na kurudisha: aliyeiba alipeleka kitu kwa mwenyewe na kukiri uso kwa uso. Walikuwa wakitembea njia ya Zakayo, yule mtoza ushuru. Siku hizi jina hilo Nairobi linatajwa kwa habari za kodi, lakini katika Luka 19 kubwa ni ahadi yake ya kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Yesu aliposikia hayo ndipo akasema wokovu umefika nyumba ile.

Nami nilikuwa na deni. Fundi wa mabomba alinirekebishia sinki, nikamlipa nusu, nikamwambia elfu moja na mia tano zilizobaki nitatuma mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipita mara mbili, na katikati yake nilichangia ibada mbili za shukrani. Siku niliyoandaa somo la Kumbukumbu la Torati kwa kikundi chetu cha nyumbani, nilifika mstari ule wa jua nikafunga Biblia. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Nikatuma kwa M-Pesa, na pamoja nayo ujumbe wa kumwomba msamaha. Alijibu haraka: "Imeingia. Nilikuwa naelekea dukani kuomba unga wa deni."