Ukakasi wa majani si sumu kwa mbuzi

Wapo wasemao kwamba jani lenye ukakasi, la mgunga au la mkoko, ni sumu kwa mbuzi. Si kweli, ingawa usemi huo haukuzuka bure.

Ukakasi huo huletwa na tanini, kemikali ileile iliyofanya magome ya mikoko yatumike kutengeneza ngozi za wanyama zisioze. Tanini hushikamana na protini. Ndani ya tumbo la kwanza la mbuzi, vijidudu huwahi kuivunja protini ya majani na sehemu yake hupotea kwenye mkojo. Tanini ikiwa kiasi, tuseme asilimia 2 hadi 4 ya uzito wa chakula bila maji yake, huikinga protini hiyo. Ikifika tumbo la nne, lenye asidi, hujinasua na kusagwa, kisha hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Povu la kuvimbisha tumbo nalo hupungua, na baadhi ya minyoo hudhoofika.

Shida huanza tanini ikizidi, kwa kawaida kupita asilimia 5 au 6. Hapo mnyama hula kidogo, usagaji huzorota, kinyesi hutoka na protini isiyotumika. Zipo pia aina za tanini ambazo zikiliwa kwa wingi huumiza ini na figo, na ng'ombe na kondoo huzivumilia kidogo kuliko mbuzi.

Kwa hiyo usiukate mgunga wako. Changanya majani yake na nyasi, na usimfungie mbuzi mwenye njaa chini ya mti mmoja kutwa nzima.